Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Kila Siku ya Wanafunzi wa Kiafrika Nchini China tangu 1956

Utangulizi

Historia ya uhusiano wa China na Afrika husimuliwa mara nyingi kwa majina ya viongozi na kwa urefu wa reli. Tunafundishwa ziara ya Zhou Enlai barani Afrika mwishoni mwa 1963 na mwanzoni mwa 1964, urafiki wa Mao na Nyerere, kilomita 1,860 za reli ya TAZARA, na mikutano ya wakuu wa nchi. Mwanafunzi hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba vijana kadhaa walipata ufadhili wa masomo. Alilala wapi, alikula na nani, posho yake ilikuwa kubwa au ndogo kuliko ya mwenzake Mchina, na nani aliruhusiwa kumtembelea chumbani, hayo ni nadra kuyakuta vitabuni. Ilhali hao ndio Waafrika waliokaa China miaka mitatu, minne, hata sita, wakati kiongozi alikaa wiki moja na kuondoka.

Insha hii inayafuata maisha hayo ya kila siku, hasa katika miji miwili: Beijing, ambako kwa miongo mingi wanafunzi wa kigeni walianzia kwa kujifunza lugha, na Nanjing, mmojawapo wa miji walikopelekwa baadaye kusomea fani zao. Nitaongozwa na methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inasema mambo mawili kwa pamoja. Mgeni ana haki ya kukirimiwa. Lakini ukarimu una mwisho, na baada yake mgeni hushika kazi pamoja na wenyeji, na hapo ndipo anapoanza kuwa mtu wa nyumbani. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hii mwanafunzi wa Kiafrika aliwekwa katika siku ya kwanza na ya pili, mwaka hadi mwaka. Alikirimiwa, na ukarimu huohuo ukamtenga na watu aliokuja kuishi nao.

Mgeni ameshiba, mwenyeji ana njaa: Beijing, 1956 hadi 1966

Wanafunzi wa kwanza wa Kiafrika katika China ya Mao walikuwa Wamisri wanne, waliofika mwaka 1956, mwaka uleule Misri ilipoitambua serikali ya Beijing. Miaka michache baadaye wakafuata wengine kutoka Kameruni, Somalia, Ghana na kwingineko. Zanzibar ilikuwamo hata kabla ya uhuru wake. Chama cha Hizbu, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Abdulrahman Babu, kiliwatafutia vijana nafasi za masomo Misri, China na katika nchi nyingine za kisoshalisti. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika katika mabweni ya Beijing mapema sana, na mwaka 1961 redio ya China nayo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili.

Vijana hawa walifika wakati mgumu. Kati ya 1959 na 1961 China ilikumbwa na njaa iliyotokana kwa sehemu kubwa na kampeni ya serikali ya kuharakisha viwanda na kilimo, na mamilioni ya watu walikufa. Nafaka, mafuta ya kula na vitambaa vilitolewa kwa kuponi. Katika hali hiyo wanafunzi wa kigeni walitengewa chakula kingi na bora kuliko cha wenyeji, pamoja na posho kubwa mara kadhaa kuliko ya mwanafunzi Mchina. Kwetu Uganda posho ni ugali wenyewe, na kwa Watanzania ni fedha za kujikimu. Beijing ya wakati ule ilizikutanisha maana zote mbili, kwa sababu tofauti ya fedha ilikuwa pia tofauti ya sahani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone: akija mgeni, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba hiyo nao hula vizuri siku hiyo. Beijing mgeni alikula upande wake, na mwenyeji alibaki na kuponi zake.

Anayetusimulia zaidi kipindi hiki ni Emmanuel John Hevi, Mghana aliyefika Beijing mwaka 1960 na ambaye kitabu chake kuhusu maisha ya mwanafunzi wa Kiafrika nchini China kilitoka mwaka 1963. Kwa hesabu yake, Waafrika 118 walikwenda China na 96 kati yao wakaondoka kabla ya kumaliza. Sababu alizozitaja ni mafunzo ya siasa yasiyokwisha, ugumu wa lugha, kiwango duni cha masomo, kufuatiliwa, upweke na ubaguzi wa rangi. Anasimulia pia kisa cha Machi 1962, ambapo mwanafunzi kutoka Zanzibar alipigwa na wafanyakazi wa hoteli moja ya Beijing katika ugomvi ulioanzia kwenye kununua sigara.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa hasira na kuchapishwa katikati ya Vita Baridi, kwa hiyo ni lazima kisomwe kwa tahadhari. Lakini hata tukiziweka kando siasa zake, yanabaki malalamiko ya kijana asiye na rafiki mwenyeji. Mchina aliyeonekana mara kwa mara akiwa na mgeni alijiweka katika hatari ya kuhojiwa. Serikali ya China ilikuwa ikishindana na Marekani na pia na Moscow kupata urafiki wa Waafrika, ikatumia fedha nyingi kwa jambo hilo katika miaka ambayo watu wake walikuwa na njaa. Hata hivyo Waafrika wengi walirudi makwao na uchungu, kwa sababu katika maisha yao ya kila siku hapakuwa na mtu wa kawaida wa kuzungumza naye.

Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalianza, vyuo vikasimamisha masomo, na wanafunzi wa kigeni wakaambiwa warudi kwao. Sura ya kwanza ikafungwa hivyo.

Siku ya tatu: vijana wa reli, 1972 hadi 1975

Mlango ulifunguliwa tena kwa sababu ya kazi. Ujenzi wa TAZARA ulipoanza mwaka 1970, ilikuwa wazi kwamba siku moja Wachina wangeondoka na reli ingehitaji wenyewe. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, chuo maalumu kwa mambo ya reli. Walianza na lugha, kisha wakagawanywa katika fani: usafirishaji, injini, mabehewa, mawasiliano, ishara za reli, ujenzi wa njia na fedha. Walihitimu mwaka 1975, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia.

Nimewapa kundi hili sehemu yao kwa sababu linaipima hoja yangu. Hao nao walikuwa wageni. Walikuwa na posho kuliko Wachina, na bado walilala mbali nao. Lakini walijua wamekwenda kufanya nini na kazi gani iliwasubiri nyumbani. Isitoshe, elimu ya China ya miaka hiyo ilitaka kila mwanafunzi atoke darasani aende kiwandani na shambani, na wageni nao walipelekwa huko kwa majuma kadhaa. Mafunzo ya reli hayawezi kumalizwa ubaoni. Mtu lazima ashike spana na apake mikono yake grisi. Kwa maneno ya methali yetu, hawa walikaribia kupewa jembe, na sioni kama ni bahati tu kwamba kipindi chao hakikuacha nyuma historia ya ghasia kama vipindi vilivyokitangulia na vilivyokifuata.

Hata hivyo tusipambe. Wakati vijana hao wako Beijing, mafundi wa Kichina waliojenga reli walikuwa wakiishi katika kambi zao wenyewe kandokando ya njia kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mchana walifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Jioni kila mmoja alirudi upande wake. Kutengana baada ya saa za kazi kulikuwa desturi ya pande zote mbili za bahari.

Ukuta na lango: Nanjing, 1988

Baada ya kifo cha Mao mwaka 1976, China ilianza kubadilika upesi. Mageuzi ya Deng Xiaoping yalifungua masoko, na mwanafunzi Mchina wa miaka ya 1980 alikuwa na matumaini makubwa na mfuko mtupu. Alilala na wenzake sita au wanane katika chumba kimoja, na taa zilizimwa usiku kwa amri. Upande wa pili wa uwanja wa chuo palikuwa na bweni la wageni, wawili chumbani, taa zikiwaka, muziki ukisikika, na posho ambayo yeye aliamini inatoka katika jasho la wazazi wake. Hakuwa na namna ya kumjua mgeni huyo zaidi ya kumwona dirishani.

Hasira hiyo ililipuka mara kadhaa. Shanghai mwezi Julai 1979 wanafunzi wa Kiafrika na Kichina walipigana katika chuo kimoja, chanzo kikiwa muziki wa sauti ya juu. Tianjin mwezi Mei 1986 pakatokea ghasia nyingine. Lakini tukio kubwa kuliko yote lilikuwa la Nanjing, katika Chuo Kikuu cha Hohai, kinachojulikana kwa uhandisi wa maji.

Mwanzo wake haukuwa Krismasi, kama inavyosemwa mara nyingi. Mapema katika majira hayo ya baridi uongozi wa chuo ulijenga ukuta kuzunguka bweni la wageni. Waafrika waliubomoa sehemu, na gharama ikakatwa katika posho zao. Ikafuata kanuni kwamba kila anayewatembelea lazima ajiandikishe langoni. Kwa hiyo usiku wa tarehe 24 Desemba, bawabu alipowataka wanawake wawili wa Kichina waliofuatana na wanafunzi wa Kiafrika waandike majina yao kabla ya kuingia kwenye dansi, pande zote mbili zilikuwa tayari zimekwishakasirika. Maneno yakageuka ngumi. Kulipopambazuka, watu 13 walikuwa wamejeruhiwa, wengi wao wafanyakazi wa chuo.

Kilichofuata kilivuka lango hilo. Uvumi ulienea kwamba Mchina ameuawa, jambo ambalo halikuwa kweli. Mamia ya wanafunzi Wachina walilishambulia bweni la wageni kwa mawe, na siku zilizofuata maelfu wakaandamana mitaani wakidai Waafrika waadhibiwe. Waafrika zaidi ya mia moja, na wengine wasiohusika hata kidogo na ugomvi wa awali, walikimbilia kituo cha reli wakitaka kwenda Beijing kwenye balozi zao. Hawakuruhusiwa kupanda treni. Polisi waliwachukua kwa nguvu hadi Yizheng, nje ya mji, wakawekwa katika nyumba ya wageni.

Baadhi ya watafiti wanaona kwamba katika maandamano hayo, pamoja na maneno ya chuki ya rangi, zilisikika pia sauti za kudai haki na mageuzi, miezi michache tu kabla ya Juni 1989 katika Uwanja wa Tiananmen. Sikatai. Chuki ya rangi ilikuwapo, na hakuna sababu ya kuipunguza. Ninachosisitiza ni njia iliyopitia. Ilipitia kwenye mambo madogo ya maisha: ukuta, daftari la wageni, tofauti ya posho, na swali la nani anaweza kutembea na nani. Mtu anayesoma mikataba ya urafiki ya miaka hiyo hawezi kuelewa kwa nini Nanjing iliwaka. Anayechunguza ramani ya chuo, akaona mabweni yalivyotengwa, anaelewa mapema.

Kutoka mgeni hadi mteja: tangu 2000

Mkutano wa kwanza wa Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika ulifanyika Beijing Oktoba 2000, na kuanzia hapo idadi ilipanda kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mwaka 2003 kulikuwa na wanafunzi wa Kiafrika 1,793 nchini China. Mwaka 2018, kwa takwimu za Wizara ya Elimu ya China, walifika 81,562. Mwaka huohuo Rais Xi Jinping aliahidi nafasi 50,000 za ufadhili wa serikali kwa Afrika.

Ila tusidanganywe na ahadi za ufadhili. Kati ya wanafunzi wote wa kigeni 492,185 wa mwaka 2018, waliosomeshwa na serikali ya China walikuwa 63,041. Wengine wote walijilipia au walilipiwa kwa njia nyingine. Mzazi wa Kampala, Mwanza au Bujumbura anayeuza kiwanja ili mtoto akasomee udaktari China ni jambo jipya katika historia hii. Mtoto wake anaitwa mgeni kama zamani, lakini kwa kweli ni mteja.

Mimi nilikaa Nanjing mwaka mmoja nikijifunza Kichina, na mambo mengi niliyokuja kuyasoma baadaye nilikuwa nimekwishayaona kwa macho. Bweni la wageni lilisimama peke yake, na mlango wake na bawabu wake. Sisi tulilala wawili. Wenzetu Wachina wanne katika chumba, kitanda juu na meza chini. Nanjing iko kusini mwa mstari wa Mto Huai, unaogawa miji inayopashiwa joto na serikali na ile isiyopashiwa, kwa hiyo mwezi wa Januari baridi ilikuwa ileile kwa wote, na majiko ya umeme yalikatazwa kwa wote. Rafiki yangu Mchina alipotaka kuja kunisaidia kuandika herufi, aliacha kitambulisho chini, akaandika jina, namba ya simu na saa ya kuingia, na ilibidi aondoke kabla bawabu hajapanda kumwita. Baada ya mara tatu alichoka, nami sikumlaumu.

Tukahamia bwaloni. Huko hakukuwa na daftari. Kila mtu alipanga foleni, akagusisha kadi yake, akakaa palipo na nafasi. Katika bwalo la Waislamu, mbele ya bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe, nilikaa na Wahui, Wasomali na Wapakistani, na Kichina nilichokipata kwenye meza hizo ni kingi kuliko cha darasani. Na ghorofani kwetu, katika jiko la pamoja, Mrundi, Mkongo, Mkenya, Mtanzania na mimi tulikutana kwa Kiswahili, ingawa kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Tulisonga ugali wa unga wa njano, kwa kuwa huo ndio unaopatikana madukani kwa urahisi, na Mkenya hakuacha kulalamika kwamba kwao rangi hiyo inawakumbusha wazee mahindi ya msaada wa njaa. Ukarimu wa vikombe vya chai na hotuba za kupokelewa nimeusahau. Bwalo lile na jiko lile sijasahau.

Kuna jembe jingine, la maana halisi. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inamkataza mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi nje ya chuo bila kibali cha chuo na cha idara ya uhamiaji. Kwa aliyekuja na posho ya serikali, hilo linavumilika. Kwa aliyeuziwa kiwanja, ni mzigo, na wengi wamefundisha watoto Kiingereza kwa siri wakihofia faini au kurudishwa nyumbani.

Janga la korona lilionyesha udhaifu wa nafasi hii. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020 hadi tarehe 8 Aprili, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika walibaki vyumbani wakiletewa chakula na vyuo vyao, huku serikali nyingi za kwetu zikiwaambia watulie hukohuko. Mwezi Aprili mwaka huo Waafrika wa Guangzhou, wanafunzi wakiwamo, walifukuzwa katika nyumba na hoteli kwa hofu ya ugonjwa. Na waliokuwa nyumbani kwa likizo wakati China ilipofunga mipaka mwishoni mwa Machi 2020 hawakuweza kurudi hadi Agosti 2022. Wengine walisomea udaktari kwenye simu kwa miaka miwili na nusu, bila kugusa mgonjwa. Mwenyeji huhama na familia yake kukabili shida. Mgeni husubiri aambiwe.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika zaidi ya miaka sitini vitu vilevile vimerudi: sahani, posho, chumba na lango. Palipokuwa na kazi ya pamoja, kama kwa vijana wa reli, uhusiano ulitulia. Palipokuwa na ukarimu wa kutenganisha, chuki ilikua upande wa mwenyeji na upweke upande wa mgeni.

Dalili za mabadiliko zipo. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya China ilitoa viwango vinavyovitaka vyuo viwasimamie wanafunzi wa kigeni kwa namna inayokaribiana na ile ya wenyeji, na mwaka 2019 Wachina wengi walijadili mtandaoni kwa ukali kama wageni wanapendelewa kupita kiasi. Baadhi yetu waliusikia mjadala huo kama matusi, na ndani yake matusi yalikuwamo. Lakini mtu anayesema mgeni apange foleni kama sisi anasema, bila kujua, jambo ambalo Hevi na wenzake walilihitaji mwaka 1962.

Kwa hiyo serikali zetu zinapokaa mezani kujadili ufadhili, zisiridhike na idadi ya nafasi. Ziulize vijana watalala bweni gani, kama rafiki Mchina anaweza kuingia bila kuacha kitambulisho, na kama sheria itawaruhusu kufanya kazi saa chache kwa wiki waziwazi. Maswali haya yanaonekana madogo kwa waziri aliyekwenda kutia sahihi mkataba. Kwa historia niliyoieleza, ndiyo yaliyoamua nani alirudi na urafiki na nani alirudi na uchungu.